Mgeni Hayuko Mlangoni

Ardhi ilitikisika, na hakuna hata mmoja aliyekimbilia mlangoni.

Wote walikimbilia kompyuta zao.

Huo ulikuwa mkutano mkuu wa Chama cha Wachunguzi wa Tsunami. Watu wengine wakisikia tetemeko hukumbatia watoto wao. Hawa walikumbatia kompyuta. Jukwaani, mzee mmoja waliyemwita Babu Mchanga, kwa kuwa maisha yake yote alichimba mchanga ulioachwa nchi kavu na mawimbi ya kale, alinyamaza katikati ya hotuba na kutazama bilauri yake. Maji yalikuwa yakicheza.

"La wastani," alisema. "Mbali kidogo. Chini ya bahari."

Ukumbi mzima ukaguna kukubaliana naye. Mmoja alipiga makofi.

Nyuma kabisa, karibu na swichi za taa, alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu na mkanda wa zana kiunoni. Chamani walimwita Fundi. Alitunza maboya yaliyoelea baharini, nyaya, betri, na mashine moja ya kahawa ambayo haikuwahi kupona.

Kwenye Ofisi, ile isiyo na kibao mlangoni, aliitwa Sindano.

Chini ya ovaroli alikuwa na Beretta. Hakuna aliyejua. Alikuwa ametimiza miaka miwili hapa, na hakuna aliyejua lolote la kweli juu yake. Kuna siku, hasa Jumapili mchana, hilo lilimuuma kuliko ile risasi aliyowahi kupigwa pajani.

Nokia yake ndogo ya vitufe ikatetemeka.

"Haloo."

"Hapa dobi," ilisema sauti kavu ya kiume. "Shati lako jeupe limeingia doa."

"Doa la nini?"

"Chai. Limeingia kwa ndani."

Simu ikakatika.

Dobi alikuwa mkubwa wake wa kazi. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Doa maana yake njama imeanza. Chai maana yake leo. Na kwa ndani maana yake ni lile jambo ambalo Sindano aliomba lisiwe: msaliti alikuwa mmoja wa wanachama.

Njama yenyewe aliijua. Ndiyo iliyomleta.

Bandarini, ndani ya bohari la forodha, kulikuwa na makreti ya makombora ya kubeba begani. Yalikamatwa kwenye meli ya magendo na sasa yalingoja kuteketezwa. Genge lililoyaingiza, watu wa kutoka nje, liliyataka. Bohari lililindwa usiku na mchana na askari wasiohongeka. Kitu kimoja tu kingeweza kuwaondoa wote kwa mpigo.

King'ora cha tsunami.

Kikilia, sheria ni moja kwa kila mtu: panda mlimani. Askari anaacha lindo. Mbwa wake anamtangulia. Na serikali ilikuwa imekikabidhi king'ora hicho kwa chama hiki.

Genge lilihitaji tetemeko la kweli tu, lolote lile, ili wimbi la uongo lipate mzazi. Walikuwa wamelisubiri. Sasa limekuja.

Sindano alitazama saa yake ya Casio. Shule zilikuwa ndiyo kwanza zinatoka. Njia ya kupanda mlimani ilikuwa moja, na daraja lake lilikuwa limevunjwa nusu na makandarasi ambao hawakuonekana tena. Chama kilikuwa kimelipigia kelele daraja hilo mpaka sauti ikakauka. King'ora kikilia saa hii, mji mzima ungejazana pale. Watoto wangekanyagwa.

Na lingine, ambalo Mwenyekiti wa chama alilirudia kila mkutano: king'ora kikidanganya leo, siku ya kweli watu watabaki wamekaa.

Akatoka ukumbini kwa hatua za haraka.

Kwenye ujia, mkono ulimshika begani.

"Shemeji! Unakimbilia wapi kama umefumaniwa?"

Moyo wa Sindano ulilegea, kama ulivyolegea kila aliposikia sauti hiyo. Alikuwa Hesabu, mwanahisabati wa chama, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, shati halijapigwa pasi. Ndiye aliyemfundisha kusoma bahari. Jioni nyingi walikunywa chai pamoja na kucheza drafti kwenye karakana, na Hesabu alikuwa ameahidi kumwoza dada yake tangu wiki ya kwanza. "Mrefu kama wewe," alisema siku zote. "Mkali lakini. Jiandae." Tangu hapo ikawa shemeji hivi, shemeji vile. Duniani kote hakuna mtu mwingine aliyemwita Sindano kwa jina la ndugu, hata la utani.

"Nashuka chini kuangalia mitambo," Sindano alisema. "Si umeona limetikisika?"

"Mitambo iko salama. Nimetoka huko sasa hivi." Hesabu alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Kaa na wageni leo. Kunywa chai. Dada anakusalimia."

"Msalimie."

"Usishuke, shemeji. Nakuomba."

Kisha akaondoka kuelekea chumba cha zamu, ghorofa ya juu. Alitembea upesi mno.

Sindano akashuka.

Chumba cha mitambo kilikuwa chini ya jengo, hakina dirisha, kinanguruma feni. Kulikuwa na viti viwili pale, na kimoja kilikuwa cha Hesabu. Ukutani palikuwa na skrini ambayo hakuna mtu mwingine aliyejali kuitazama, skrini ya data ghafi, jinsi inavyofika kutoka kwenye maboya kabla haijaguswa.

Sindano aliitazama, akasahau kupumua.

Somo la kwanza alilofundishwa na Hesabu lilikuwa hili: bahari inapumua. Hujaa, hupwa, hujaa tena. Kwenye skrini ya data ghafi kila boya lina mstari unaopanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Wanasayansi wa juu hawaioni pumzi hiyo, kwa sababu kwanza huiosha data. Kompyuta huondoa kujaa na kupwa, ili wimbi geni likija lionekane peke yake.

Sasa mistari ya maboya yote matatu ilikuwa imenyooka kama meza. Juu yake, safi, zuri, la kutisha, lilikuwa linatembea wimbi kubwa.

Bahari haikuwa inapumua.

Mtu alikuwa ametengeneza wimbi la uongo na kuliingiza hapa. Kwa kuwa tayari lilikuwa safi, alilipitisha pembeni ya programu ya kuoshea, moja kwa moja hadi juu. Kule juu hakuna ambaye angeona kasoro. Jambazi wa kawaida angekosea mengine. Kosa hili angelifanya mwanasayansi tu, tena mzuri, aliyekaa na bahari iliyooshwa miaka mingi mpaka, kwa haraka, akasahau hata somo analowafundisha wengine: kwamba inajaa na kupwa.

Mlango wa kuingizia data ulikuwa na nywila. Walioijua ni wawili. Mmoja alikuwa amesimama hapo na ovaroli yake.

Wa pili alikuwa amemsihi asishuke.

"Ulikuwa umekatazwa, bwana fundi."

Sauti ilitoka nyuma. Mlangoni alisimama mtu wa suti ya kijivu, mgeni aliyejiandikisha kama muuza vipimo vya baharini. Mkononi hakuwa na kipimo. Alikuwa na Glock yenye kizuia sauti.

"Kaa," alisema Suti ya Kijivu. "Tusikilize king'ora pamoja. Kisha kila mtu atakwenda zake."

"Sawa, mkubwa." Sindano aliinua mikono. Mkono wa kulia ulikuwa na kipima umeme chake cha Fluke, nyaya mbili zinaning'inia, nyekundu na nyeusi. "Naomba nizime hiki kwanza. Betri ni ghali, watanikata mshahara."

"Zima."

Mafundi wa Ofisi walikuwa wamekifanyia ukarabati kidogo. Sindano akazungusha swichi yake hadi mwisho, akajirusha chini.

Glock ilikohoa. Risasi ikatoboa kiti cha Hesabu.

Ncha mbili za zile nyaya zikagusa soksi za hariri.

Suti ya Kijivu alicheza ngoma ambayo hakuna aliyemfundisha, akaanguka kama gunia. Kufumba na kufumbua Sindano alikuwa amemfunga mikono na miguu kwa zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, akamziba mdomo kwa utepe mweusi wa umeme. Kwa kweli alifunga vizuri. Miaka miwili ya ufundi haikupotea bure.

Akabonyeza Nokia.

"Dobi. Acha mambo ya mashati. Wimbi ni la uongo. Napanda kulizuia."

"Usilizuie."

"Sikukusikia vizuri."

"Umesikia. Vijana wangu wamejificha bandarini. Genge liko ndani ya gari la zimamoto la bandia, nje ya geti. Bila king'ora hawaingii. Wakiingia nawadaka na mzigo mikononi. Acha kilie."

"Shule zimetoka. Daraja limevunjwa nusu."

"Hiyo si idara yako."

"Watoto watakufa pale, mkubwa."

"Sindano. Hiyo ni amri."

Alitazama simu. Mwaka mzima hakuna mtu mwingine aliyempigia zaidi ya huyu. Hata siku yake ya kuzaliwa alipiga huyu, kumwambia suruali iko tayari.

"Mtandao mbaya," alisema, akakata.

Kisha akapanda ngazi mbilimbili.

Chumba cha zamu kilikuwa na desturi yake. Humo neno tsunami halitamkwi. Dirisha likiwa wazi, neno moja lingeweza kuutimua mji. Wimbi waliliita mgeni. Mwenye ufunguo wa king'ora anauliza, na lazima sauti mbili za watu walioona kwa macho yao zijibu. Sauti moja haitoshi. Iwe ya nani, haitoshi.

Mwenyekiti alisimama mbele ya sanduku jekundu, mama mfupi, mzee, ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi mweusi. Kulia kwake Hesabu. Kushoto Babu Mchanga, amesogeza pua karibu na skrini.

"Mgeni yuko mlangoni?" aliuliza Mwenyekiti.

"Yuko," alisema Hesabu. Hakugeuka.

"Wa pili?"

Babu Mchanga alivuta pumzi. Wimbi lilikuwa pale, kila mtu aliliona. Akafungua mdomo.

Nje ya mlango, kwenye ngazi ya mwisho, Sindano alisita.

Alijua atakachokiua. Akiingia mle na kusema, jioni za karakana zimekwisha, na drafti, na yule mtu mmoja anayemsubiri na chai. Akinyamaza, Dobi angempongeza. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kuchelewa hatua moja. Alihisi upweke wake wote umemkalia kifuani, na kwa kweli aliogopa kurudi kwenye upweke huo kuliko alivyoiogopa Glock.

Kutoka chini, kupitia dirisha la ngazi, zilipanda sauti za watoto wa shule wakigombana juu ya mpira.

Akaupiga mlango teke.

"Hayuko!"

Vichwa vyote viligeuka.

"Fundi," alisema Mwenyekiti bila kupandisha sauti, "hapa hapana utani."

"Sitanii, mama. Mgeni hayuko mlangoni. Fungua maji ghafi, ile data isiyooshwa."

"Hatuna muda!" Hesabu alisema. "Mama, zungusha! Kila tukibishana wimbi linasogea!"

"Fungua maji ghafi, mama. Ukishaona, zungusha ukitaka."

Mwenyekiti alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Kisha kwa mkono wa pili alibonyeza kitufe ambacho vumbi lake lilionyesha kilivyosahaulika.

Mistari mitatu ikatokea. Imenyooka kama meza, wimbi likitembea juu yake.

Hakuna aliyehitaji maelezo. Katika chumba kile palikuwa na watu waliozeeka wakiitazama bahari, na mara moja kila mmoja aliona kinachokosekana. Babu Mchanga alifunga mdomo wake.

"Bahari yangu," alisema Mwenyekiti polepole. "Nani ameiosha bahari yangu?"

Hesabu alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo, wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nilikuomba usishuke, shemeji," alisema.

Akaketi sakafuni pale pale.

"Lilikuwa zoezi," alisema. "Walisema ni zoezi tu. Kilie mara moja, mji uone haujui kukimbia, uone daraja. Halafu watuletee king'ora kinachojilia chenyewe. Kisichosubiri sauti ya pili."

"Nani walisema?"

"Yule wa suti."

"Yule wa suti nimemwacha chini, amefungwa kama mkeka," Sindano alisema. "Wenzake wako bandarini na gari la zimamoto la bandia. Wanataka askari wakimbie waibe makombora. Hawana zoezi lolote. Umeingizwa mjini, kaka."

Hesabu alitikisa kichwa, kisha akaacha kutikisa. Alikuwa mtu wa hesabu. Alijumlisha, na jibu likaonekana usoni mwake.

"Kwa nini?" Sindano aliuliza. Sauti ilimtoka kwa hasira ambayo hakuikusudia. "Wewe! Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

Ni Babu Mchanga aliyejibu, akitazama viatu vyake.

"Kabla hujaja, Fundi, mgeni aliwahi kuja kweli. Mdogo. Hesabu alikuwa zamu. Alimwona wa kwanza, akasema yuko. Peke yake. Tukangoja sauti ya pili."

"Sauti ya pili nilikuwa mimi," alisema Mwenyekiti. "Nilitaka kuhakikisha. Nilihakikisha sana."

"Dada yangu alikuwa ufukweni," Hesabu alisema. "Anaanika nguo."

Sindano alihisi sakafu inatikisika, ingawa safari hii vipimo vyote vilitulia.

"Dada yako..."

"Mrefu kama wewe. Mkali."

"Sote tulijua," Babu Mchanga alisema. "Tulimwachia aseme. Wewe ulikuwa mgeni, hukujua lolote. Kwako alikuwa bado mzima, anatoa salamu. Nani angekuwa na moyo wa kumkatiza?"

Faili la Ofisi lilikuwa limesema: ndugu, dada mmoja. Sindano alilisoma siku ya kwanza, akalifunga. Alikuwa amelipwa kupeleleza kila mtu katika jengo lile. Alijua nani anakoroma ofisini na nani amebadilisha kufuli la nyumba. Kwa miaka miwili alituma salamu kwa marehemu na hakuuliza hata jina lake. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayochoma masikio.

Redio ya mkononi ikakwaruza kutoka mfuko wa Hesabu. Wote wakaruka.

"Mwalimu." Sauti ngeni, nzito. "Mbona kimya? Kilio kiko wapi?"

Sindano alichuchumaa mbele ya Hesabu. Alizungumza kwa upole, kama walivyokuwa wakizungumza kwenye drafti.

"Kaka. Bado wanakuamini. Waambie king'ora kimeharibika lakini bandari imeshapewa taarifa kwa simu, askari wanaondoka. Waambie waingie."

"Wataingia?"

"Wakiona askari wanakimbia, wataingia. Hilo la askari niachie mimi."

"Nikifanya hivyo nitasamehewa?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa na mafunzo ya kutosha.

"Sidhani," alisema.

Hesabu alicheka kidogo, kicheko cha pumzi tu. Akavaa miwani yake, akafunga vizuri ule uzi, akaichukua redio.

"King'ora kimekwama," alisema, na sauti yake haikuyumba hata kidogo. "Wamepiga simu bandarini. Mgeni yuko mlangoni. Ingieni."

Sindano alikuwa tayari kwenye Nokia.

"Dobi."

"Mtandao umerudi?" Sauti ilikuwa na barafu.

"Waambie askari wa geti wakimbie. Sasa hivi. Wakimbie kwa fujo, mmoja aangushe kofia. Genge linaingia bila king'ora."

"Ukikosea, nitakutuma ukahesabu nguzo za simu jangwani."

"Kimbizeni watu, mkubwa."

Walisubiri. Mwenyekiti hakuondoa mkono kwenye ufunguo. Skrini zilionyesha wimbi la uongo likifika ufukweni na kupita juu ya mji bila kulowesha kitu. Kwa dirisha mtu mmoja alionekana akitembea na magodoro mawili kichwani, hana hili wala lile.

Nokia ikatetemeka.

"Wameingia," alisema Dobi. Nyuma yake kulikuwa na patashika: breki, kelele, risasi moja, mbili. Kisha amri za watu kulala chini. "Wote. Na makreti mikononi. Mmoja alijaribu kujificha ndani ya mpira wa kuzimia moto, sijui aliwazaje." Akakohoa. "Umevunja amri yangu."

"Ndiyo."

"Tutazungumza."

"Ndiyo."

"Gari linakuja kumchukua msaliti wako. Na wewe kazi yako hapo imekwisha. Usiage mtu."

Akakata.

Hesabu alitoa mikono yake mbele bila kuambiwa. Sindano hakumfunga. Walishuka ngazi bega kwa bega, na wanachama waliokuwa na vikombe vya chai ujiani wakawapisha, wakidhani ni fundi na mwalimu wake wanakwenda karakana kama kawaida.

Nje, Peugeot nyeupe iliegeshwa kivulini, injini inanguruma. Watu wawili wasio na sura za kukumbukwa walifungua mlango wa nyuma.

"Wewe si fundi," Hesabu alisema.

"Si fundi."

"Lakini drafti ulikuwa unacheza kweli? Au ulikuwa unaniachia?"

"Nilikuwa nacheza kweli. Ulikuwa unanifunga kweli."

Hesabu aliridhika na hilo. Akainamisha kichwa kuingia garini, kisha akasita.

"Ungeniuliza habari zake ningekueleza," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aulize. Watu wa humu ndani waliniogopa, wakiniona wanazungumzia hali ya hewa. Nikasema huyu mgeni, iko siku ataniuliza."

Sindano alimshika mkono, akaushikilia kuliko inavyoruhusiwa kazini, mpaka mmoja wa wale wawili akakohoa.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Hesabu akamtajia jina, polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa wenyeji. Mlango ukafungwa. Peugeot ikaondoka, ikawasha taa ya kushoto, ikapotea.

Alipogeuka, Mwenyekiti alikuwa kwenye ngazi za nje. Alikuwa ameshuka peke yake, ameshika ukuta, ufunguo bado shingoni.

"Unaondoka na wewe," alisema.

"Naondoka, mama."

"Hata hiyo bastola hukuificha vizuri. Niliiona tangu mwezi wa kwanza, ulipoinama kwenye mashine ya kahawa."

Sindano aliduwaa. "Na hukusema kitu?"

"Ulikuwa unawahi kazini." Aliketi kwenye ngazi, magoti yakalia. "Chumba cha zamu kinataka watu wawili, mwanangu. Hesabu amekwenda. Babu Mchanga macho yamechoka. Mimi, siku moja niliombwa sauti nikachelewa, na tangu siku hiyo sijiamini tena. Leo umesema hayuko mbele ya watu wote, na ulikuwa peke yako. Hicho ndicho ninachokihitaji mle ndani. Kaa."

"Mimi si mwanasayansi."

"Utajifunza. Chakula kipo. Chumba cha juu kina kitanda na dirisha. Jumapili huwa nipo, sina pa kwenda. Kaa, baba."

Alitaka kukaa. Alitaka sana. Aliliona dirisha lile, akajiona Jumapili mchana na mtu wa kuzungumza naye. Mfukoni Nokia ilianza kutetemeka: sauti kavu, mji mwingine, jina jingine, watu wengine wa kuwapeleleza na kuwazoea na kuwaacha. Angeweza kuitupa kwenye mtaro. Ilikuwa simu ndogo.

Lakini kukaa kungekuwa kumwambia mama huyu kila kitu, tangu mwanzo, na hakujua kufanya hivyo. Hakuwahi kufundishwa. Alikuwa ametoka kumkosa mtu kwa ajili hiyo hiyo, na bado alikuwa hajui.

Barabarani watoto wa shule walipita, mashati nje, wakiburuta miguu kama watu wenye muda wote duniani. Mmoja alimpiga mwenzake begi, wakakimbizana kuelekea upande wa bahari.

Sindano alifungua zipu ya ovaroli, akaivua, akaikunja vizuri na kuiweka kando ya Mwenyekiti. Ndani alikuwa amevaa shati jeusi na koti jepesi. Akavaa Ray-Ban zake. Akawa tena mtu asiye na wa kumkumbuka.

"Samahani, mama," alisema. "Gari linanisubiri pale kona."

Mwenyekiti alitazama kona. Kisha akamtazama yeye.

"Haya," alisema. "Wasalimie."

Akaondoka kwa mwendo wake wa siku zote, mikono mfukoni, mabega yamelegea, bila kutazama nyuma. Akafika kona, akakata kulia.

Hakukuwa na gari.